Koyote wa Maine: kwa anayeanza kuwinda msituni

Baridi ikikaribia, vijana wetu wa Lewiston na Portland hapa Maine huanza kuniuliza: "Kaka, nataka kuwinda koyote, yule mnyama wa mwituni wa jamii ya mbwa, ninunue bunduki gani?" Jibu langu huwaudhi. Nawaambia habari ya bunduki ije mwisho, kwanza tuzungumze upepo.

Video wanazotazama nyingi zimepigwa Texas na Arizona, kwenye nyika tupu, ambako mwindaji anakaa kilimani na kumwona mnyama akija kutoka mbali. Maine karibu asilimia 90 ya ardhi yake ni msitu. Hakuna jimbo la Marekani linaloishinda kwa hilo. Huku utamwona koyote akiwa mita thelathini au arobaini, au hutamwona kabisa ilhali yeye alishakunusa zamani. Tena koyote wa mashariki ana damu ya mbwa-mwitu ndani yake. Wengi wana kilo 14 hadi 20, na aliyezoea bweha wa kwetu atashtuka siku ya kwanza.

Sheria nazipitia haraka, ila usizipuuze. Mchana koyote anawindwa mwaka mzima ukiwa na leseni, na ili upate leseni lazima usome kozi ya usalama wa wawindaji. Usiku kuna kibali chake. Jumapili Maine hakuna kuwinda. Msimu wa kulungu wa bunduki, mwezi wa Novemba, vaa kofia na kizibao vya rangi ya chungwa kali. Ukiona miti imepakwa mstari wa zambarau, mwenye ardhi hataki mtu aingie bila ruhusa yake. Mimi hupiga hodi hata pasipo na alama. Mfugaji wa kondoo akisikia unamtafuta koyote, anaweza hata kukuonyesha zinakopita nyayo.

Kwa sisi wahamiaji kuna la ziada. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hazuiwi na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki kwa sababu tu si raia. Aliyeko kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida anazuiwa, isipokuwa kwa masharti maalumu, na leseni halali ya uwindaji ni mojawapo. Kama kesi yako ya ukimbizi bado inaendelea, muone wakili kabla hujaigusa hata bunduki ya rafiki.

Sasa upepo. Koyote akisikia sungura analia, mara nyingi haifuati sauti moja kwa moja. Anazunguka mpaka afike mahali ambapo upepo unamletea harufu ya kitu kinacholia, ndipo anaamua. Kwa hiyo keti upepo ukikupiga shavuni. Spika yako ya kuigiza kilio cha sungura iweke mita ishirini hivi kutoka kwako, upande upepo unakotoka, na macho yako yalinde upande wa pili, kule harufu inakokwenda. Chagua mahali ambapo upande huo una uwazi: barabara ya zamani ya wakata magogo, ukingo wa eneo lililokatwa miti, kijito kilichoganda. Akitaka kunusa sharti avuke uwazi huo, na unampata kabla hajaifikia harufu yako mwenyewe.

Kuingia nako ni kazi. Gari liache mbali, mlango ufunge kwa kuusukuma taratibu, na usipite kule unakotarajia atokee. Egemea mti mpana kuliko mabega yako, bunduki ikiwa tayari juu ya magoti. Mti huo unakuficha umbo, na pia unakulinda mgongo, kwa sababu mwindaji mwingine naye anaweza kuja akifuata kilio cha sungura. Ukimwona mtu, sema kwa sauti. Usimpungie mkono.

Anza kwa sauti ya chini, kwani huenda amelala mita mia tu kutoka hapo. Acha spika ilie nusu dakika, nyamaza dakika mbili tatu, rudia. Kaa nusu saa nzima. Msituni anakuja polepole na bila kishindo. Utaona masikio mawili kati ya matawi ya misonobari, kisha hakuna kitu, kisha pua imeinuliwa juu inapima hewa. Sogeza bunduki pale tu kichwa chake kinapopita nyuma ya mti.

Haya, bunduki. Kwa msitu mzito, ya marisau ya geji 12 yenye marisau makubwa inatosha, na usipige zaidi ya mita 40. Raifo ya .223 (hicho ni kipimo cha risasi) ina faida kwenye maziwa yaliyoganda na maeneo yaliyokatwa miti, ilimradi ujue kilichoko nyuma ya mnyama. Na umtambue vizuri kabla ya kufyatua. Mwaka 2021 mwindaji mmoja jimbo la New York aliua mnyama wa karibu kilo 39 akidhani ni koyote; vipimo vya vinasaba vilionyesha ni mbwa-mwitu, naye analindwa na sheria.

Kwa anayeanza, vuli, yaani majira ya kabla ya baridi, ni nzuri: wanyama wachanga wametoka kwa wazazi na hawajawa wajanja. Januari na Februari ni wakati wa kupandana, na hapo mlio wa koyote mwenzao huita kuliko wa sungura. Ngozi nayo ni nzuri zaidi katika baridi kali. Wengine wana ukurutu, basi vaa glavu unapochuna. Nyumbani huniuliza kwa nini niue nisichokula. Kwangu ngozi ndiyo sababu, na ninapoona haifai, namwacha apite.

Ukisikia anabweka mfululizo bila kuonekana, ameshakugundua. Kusanya vitu vyako uende kilomita mbili mbele, na mahali pale upapumzishe wiki kadhaa.