Wakili wa shetani ndo nani?

SWALI: Anko, kuna jamaa kazini kila tukikubaliana kitu yeye anapinga, ukimuuliza anasema eti "mi hapa wakili wa shetani tu". Ndo nini hiyo?

JIBU: Usiogope mdau, hana mkataba na shetani huyo. Kilikuwa cheo kabisa cha Kanisa Katoliki, kiliwekwa rasmi 1587 enzi za Papa Sixtus V, yani marehemu akipendekezwa kuwa mtakatifu kuna mwanasheria wa Kanisa kazi yake kumchimba, miujiza ya kuokoteza aikatae, hata kama moyoni anamkubali. 1983 Papa Yohane Paulo II akakipunguza makali. Jamaa yako naye anajiita hivyo, yani anapinga makusudi ili hoja yenu ipimwe. Sasa muulize yeye mwenyewe anaamini nini, akikosa jibu basi huyo mbishi tu.