Siku ya simu ni ya mzee

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Unasema umejaza fomu ya kujitolea kuwapigia simu wazee wanaoishi peke yao, mzee mmoja, nusu saa kila wiki, na sasa umeingiwa na hofu: utaongea nini nusu saa nzima na mtu usiyemjua? Halafu mwishoni kabisa ukaongeza, "Kwani Mama unaonaje, niendelee au niache?"

La kuongea lisikutie hofu. Mtu aliyeshinda kutwa bila wa kumsemesha ana maneno tele. Muulize alikuwa akifanya kazi gani, kisha nyamaza. Muombe na ushauri wa jambo lako dogo, la kweli, si la kubuni, maana wazee huulizwa kila siku kama wamemeza dawa, na ni nadra mtu kuwauliza yeye afanyeje. Hilo limekwisha. Mimi nataka nikwambie habari ya kuaga.

Unamkumbuka yule kijana aliyejitolea kumpigia Bibi simu kila Jumatano saa nne, ambaye wewe na dada yako mlikuwa mkimwita mchumba wa Bibi. Ninyi mlimjua kwa utani tu. Mimi nilikuwapo. Bibi yako alikuwa akizima redio mapema, anahamia kiti cha dirishani, simu anaiweka upande wa kulia kwa sababu sikio la kushoto lilikuwa halimsaidii tena. Magotini ana lile daftari la mistari. Wiki nzima aliandika humo mambo ya kumwambia, na kila akimaliza moja analikata kwa kalamu. Nilikuwa nikimsikia akicheka nikiwa jikoni, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu babu yako alipofariki.

Nakiri niliona wivu kidogo. Nilijiuliza, anamtaka mgeni wa nini na sisi watoto wake tupo? Lakini sisi alitufichia. Akiumwa mgongo alituambia yu mzima, tusije tukaacha shughuli zetu. Kuwa na watoto hakumkingi mtu na upweke. Yule mwanamke wa Uingereza, Esther Rantzen, aliyeanzisha Childline, simu ya kuwasaidia watoto, mwaka 1986, ana watoto watatu, na bado baada ya kufiwa na mumewe aliandika hadharani kwamba ni mpweke. Mwaka 2013 akaanzisha The Silver Line, simu ya wazee. Nilipoyajua hayo wivu ulipungua.

Sasa, Jumatano moja simu haikulia. Bibi akasema kijana atakuwa na mafua. Iliyofuata akasema labda amesafiri. Ya tatu hakusema kitu, alikaa tu kitini mpaka adhuhuri, na jioni akaniuliza, "Nilimkosea nini yule mtoto?" Nikapiga simu kwa wale waliompangia. Kumbe kijana alipata kazi mahali pengine, akawaaga wao vizuri, na hakuna aliyekumbuka kumwambia Bibi. Wakasema watamletea mwingine. Bibi akakataa. Daftari ninalo mimi. Jambo la mwisho halikukatwa: "Nimsimulie ya baba yao na baiskeli." Hata mimi sijui ilikuwa baiskeli gani.

Siku ya simu ni ya mzee, mwanangu, si ya anayepiga. Nimelisema hili mara nyingi mpaka mnachoka, na nitazidi kulisema.

Kuna wakati nilisema kwa hasira, heri asingempigia kabisa. Halafu nakumbuka kile kicheko na maneno yananirudi mdomoni. Kijana alitoa muda wake bila malipo, na maisha yalimwita, kama yatakavyokuita wewe. Nimlaumu kwa lipi? Na zile Jumatano zilikuwa na faida. Nilisoma utafiti uliofanywa Texas, Marekani, mwaka 2020 wakati wa korona. Watu 240, wengi wao wazee, waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapigiwa simu kwa wiki nne na vijana waliopewa mafunzo mafupi tu. Mpigiwa ndiye aliyeamua waongee nini. Upweke ukapungua, huzuni na wasiwasi pia. Wengine watakuonyesha utafiti huo wakwambie kazi ni rahisi. Mimi nilipoumaliza nilikuwa nawaza wiki ya tano.

Kwa hiyo mwambie tangu simu ya kwanza utakuwa naye mpaka lini. Usimwambie "siku zote". Ukitaka kuondoka, mjulishe wiki kadhaa kabla, kwa kinywa chako mwenyewe, usiwaachie ofisi, na anayekuja baada yako mpige naye simu moja pamoja, mzee asikie sauti zote mbili. Ukichelewa dakika kumi, jua kuna mtu amekaa kitini.

Mengine watakufundisha: jina moja tu, namba yako isionekane, fedha usizitaje wala kuzipokea, ukisikia jambo la hatari umwarifu mratibu siku hiyo hiyo. Mratibu ndiye aanze kumpigia mzee na kukutambulisha, kwa sababu matapeli nao hutumia simu na wazee wana haki ya kuogopa namba ngeni. Ila moja huenda wasikwambie. Uzeeni sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, zile za s na f, na simu ya kawaida nayo haipitishi zinazozidi hezi 3,400 hivi, yaani mitetemo 3,400 kwa sekunde. Wala mzee haoni midomo yako. Kwa hiyo usimpigie kelele. Ongea taratibu, shusha sauti iwe nzito kidogo, na asiposikia neno, badilisha neno.

Sasa swali lako, uendelee au uache. Jibu ninalo na limenikaa kooni tangu jana. Ningekuwa naandikiwa na mtoto wa mtu mwingine ningeshasema. Lakini wewe una zamu zinazobadilika kila mwezi, na una moyo wa kukubali kila unachoombwa. Nikikwambia ndiyo utakwenda kwa ajili yangu, nikikwambia hapana utaacha kwa ajili ya Bibi. Sitaki yote mawili. Tazama ratiba yako kwanza, uone kama ipo nusu saa ambayo hata bosi wako haigusi.

Na kabla hujaamua, muulize mratibu wao: mpigaji akiondoka, ni nani humwambia mzee, na kwa muda gani kabla? Jibu lake uniandikie neno kwa neno. Nalitaka hata kama hutajiunga.

Mama yako