Fundi wa jeshini anayerudi uraiani aanzie wapi
Kaka umesema umepiga miaka 12 karakana ya jeshi, dizeli unaijua ila cheti cha uraiani huna na unaogopa kuanza upya. Usianze upya. Nenda VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ulizia ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakupima kwa vitendo kile unachokijua tayari, ukifaulu unapewa cheti. Mimi nilipotoka jeshini kilichonitesa sio spana, ni mteja, kule gari inaletwa na fomu imejazwa, huku mtu anakwambia tu "inagonga gonga" na bei anataka hapo hapo wakati wewe hata boneti hujafungua. Halafu jifunze mashine ya kupima, ile ya kuchomeka chini ya usukani inakuonyesha hitilafu, gari za siku hizi bila hiyo unabahatisha. Hela yako usifungulie gereji kwanza aisee, omba kazi kwenye malori au migodini, jenereta na mitambo mizito ndo saizi yako kabisa.