Fremu ziache kwanza, zijue leya: kwa mnaoanza kutengeneza mabango ya GIF

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii ya mabango ya GIF, yaani picha zinazojongea, hapa Mwanza huanzia kwenye kiolezo, muundo uliokwisha kuandaliwa. Unapewa faili la PSD, yaani la programu ya picha ya Photoshop, lililotengenezwa na mtu usiyemjua, lina leya (tabaka za picha zilizolaliana) thelathini au arobaini, na unatakiwa uligeuze liwe bango la hoteli ya Capri Point au la duka la vitambaa Makoroboi. Nawaona vijana wakilifungua tu wanakimbilia kwenye paneli ya fremu kule chini, zile hatua za mjongeo zinazofuatana, wanaanza kubadilisha fremu moja moja. Nawaomba sana, msianzie huko. Nenda kwenye leya. Zima na uwashe alama ya jicho ya kila moja uone imebeba nini, kisha uipe jina linaloeleweka: mtumbwi, anga, bei, nembo. Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo itakayoamua kama utamaliza leo au kesho kutwa.

Sababu yake ni hii. Kwenye Photoshop, fremu haina picha yake yenyewe. Inachokumbuka ni leya ipi inaonekana, imekaa wapi, ukolezo wake (kiasi inavyoficha kilicho chini yake) ni kiasi gani na ina madoido gani. Picha yenyewe inaishi kwenye leya. Kwa hiyo ukichukua brashi ukapaka rangi ukiwa fremu ya tano, umepaka kila fremu ambamo leya hiyo inaonekana. Ukisogeza leya ileile ukiwa fremu ya tano, umeisogeza fremu ya tano peke yake, na bango likicheza utaona nembo inaruka bila sababu. Ukishika tofauti hiyo, nusu ya matatizo ya siku za mwanzo yameisha. Maandishi unayabadilisha mara moja na yanabadilika kote. Kitu kinachotakiwa kuhama bango zima, kihamishe ukiwa umesimama kwenye fremu ya kwanza, na hakikisha palipoandikwa “Propagate Frame 1”, yaani badiliko la fremu ya kwanza lienee kwenye nyingine, pana tiki.

Tuchukue mfano. Mama anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, anataka tangazo la tovuti: ziwa usiku, mtumbwi wa wavuvi, karabai inawaka. Kitakachokushawishi ni kuchezesha kila kitu, mawimbi, nyota, hata mawe. Usifanye hivyo. Panga leya za anga, mawe, maji, mtumbwi, karabai, mwanga wa karabai, mng’ao wake majini, na maandishi juu kabisa. Mwanga usiuunganishe na taa yenyewe, kwa sababu taa haibadiliki. Kinachobadilika ni mwanga. Fremu sita zinatosha. Mtumbwi unapanda pikseli mbili, unashuka pikseli mbili, na taa inakwenda nao. Mwanga unaupa ukolezo wa asilimia 100, kisha 85, kisha 95, usiofuata mpangilio, maana moto haupigi kwa mpangilio. Halafu kuna jambo ambalo wanaoanza hulisahau: mwanga ukipungua, mng’ao wa majini upungue kwenye fremu hiyohiyo. Mtazamaji hatajua kueleza kasoro iko wapi, ila jicho lake litakataa. Aliyekulia ufukweni ameziona taa hizo usiku tangu utotoni, humdanganyi.

Muda nao uupangie kwa kusoma. Fremu za mwanga zipe sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Fremu yenye bei na namba ya simu iache ikae sekunde tatu au zaidi. Isome kwa sauti taratibu, na kama bango limekuwahi, ongeza. Muda usiuache kwenye sifuri ukidhani ndiyo kasi kubwa kuliko zote, kwani vivinjari vingi huichukua sifuri kama sehemu ya kumi ya sekunde.

GIF ni muundo wa mwaka 1987, na mipaka yake lazima uiheshimu. Kila fremu inabeba rangi zisizozidi 256, ndiyo maana anga la machweo juu ya ziwa hutoka na mistari mistari. Nukta za kuchanganya rangi huficha mistari hiyo, lakini zinanenepesha faili, kwa kuwa GIF hubana picha ikisoma safu kwa safu na hupenda rangi moja ikiendelea bila kukatizwa. Mimi huchagua anga lenye rangi chache tambarare, na linapendeza. Uwazi nao hauna nusu: pikseli inaonekana au haionekani. Kivuli laini kikiwekwa juu ya ukurasa wa rangi nyingine kitaacha ukingo mchafu, kwa hiyo uliza mapema rangi ya ukurasa huo na uiweke chini ya kivuli kabla ya kuhifadhi.

Asiye na Photoshop asikae bure. Programu ya GIMP ni ya bure na inafungua PSD, ila pale kila leya inakuwa fremu kamili, ikianza ya chini kabisa, na muda unauandika kwenye jina la leya, kwa mfano (200ms). Maana yake ni kwamba lazima ziwa na mawe uviunganishe na mtumbwi kwa kila hatua kabla ya kuhifadhi. Photopea, programu nyingine ya picha, inafanya kazi ndani ya kivinjari.

Kuhusu uzito: mabango ya picha kwenye mtandao wa matangazo wa Google yamewekewa kikomo cha uzito, na mjongeo lazima ukome ndani ya sekunde 30. Hata kama tangazo haliendi huko, mtu aliye Nansio au Sengerema anafungua ukurasa kwa bando lake mwenyewe. Lijaribu kwenye simu ya bei ndogo, siyo kwenye kompyuta yako tu.

PSD iliyopangwa vizuri itunze sehemu mbili, na kiolezo ulichopakua kisome masharti yake kabla ya kumuuzia mteja kazi, kwa maana baadhi haviruhusu biashara. Bei ya dagaa hupanda na kushuka na mwezi wa angani. Mama wa Mwaloni atapiga simu tena, na atataka bango jipya jioni hiyohiyo.