Sahani inarudi safi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Mbagala. Mchango wa chakula nalipa kila mwezi, tena kwa kujibana. Juzi nafungua begi lake natafuta karatasi ya mtihani, nakuta sahani na kijiko vimo kwenye gazeti lilelile nililovifungia mimi Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi! Nikimuuliza anasema hasikii njaa. Lakini akirudi saa kumi na moja anakomba sufuria mpaka ukoko. Ni maringo haya, au kuna jambo?
Mama Z., Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefundisha Sayansi Kimu miaka 27, na kwa muda nilisimamia chakula cha mchana katika shule moja ya kutwa Morogoro. Ratiba unaijua: makande Jumatatu, makande Jumanne, Ijumaa wali maharage kama mchele upo. Kila siku robo sufuria ilibaki, nami nikawasema wasichana kuwa wanajidai. Siku moja nikachukua sahani nikapanga foleni mwenyewe.

Foleni ilipita chini ya madirisha ya kidato cha nne. Wavulana wamekaa juu ya meza, kazi yao kutangaza: "Huyo anarudia! Huyo kajaza kama fundi ujenzi!" Msichana aliyekuwa mbele yangu akamnong'oneza mpishi, "Mama, weka kidogo," akala vijiko viwili, kilichobaki akawamwagia kuku wa mlinzi. Nikaenda kuosha sahani yangu. Ndoo moja, wanafunzi mia tatu, maji yameshakuwa mchuzi. Halafu choo: matundu manne, komeo moja. Ukila makande saa saba na kushushia maji, saa nane unakitaka choo, na msichana aliye katika siku zake hesabu hiyo anaipiga tangu asubuhi. Wengi walikuwa wanashinda na njaa tu. Hakuna aliyeniambia, maana mimi nilichojua kuuliza ni "kwa nini huli?"

Kwa hiyo habari ya njaa iache. Muulize foleni inapita wapi, sahani zinaoshewa wapi, mlango wa choo unafungwa na nini. Muulize mkiwa mnachambua mchele, macho yakiwa kwenye ungo. Uso kwa uso hatasema.

Kuna na pale getini: mihogo ya kukaanga, kachumbari, pilipili, barafu. Muuza mihogo usimchukie, kwake mtu anakula na rafiki yake bila kutangazwa. Ila muhogo ule ni wanga na mafuta. Binti wa miaka 14 hadi 18 anahitaji kama miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, mvulana wa umri huo 11, kwa kuwa binti hupoteza damu kila mwezi. Maharage anayoyakimbia ndiyo yenye madini hayo. Mtilie chungwa kwenye begi, vitamini C huusaidia mwili kuyafyonza. Chai ya rangi asinywe na chakula, inayazuia.

Mchango endelea kutoa. Tangu 2016 ada ya shule za serikali imefutwa mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita, lakini chakula cha shule za kutwa kimebaki mikononi mwa wazazi, basi na neno mnalo. Kwenye kikao usianze na nyama. Omba ndoo tatu na makomeo. Sisi tulihamishia foleni upande wa bustani, na wiki ya pili mpishi akaja kulalamika makande hayatoshi.

Akikuambia hali kwa kuwa anataka kukonda, niandikie tena. Hilo lina majibu yake.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mvulana wa kidato cha tatu, Tabora. Siendi kula kwa sababu makande yananijaza gesi, na dawati letu tunakaa watatu. Nifanyeje?

JIBU: Wewe angalau umesema ukweli. Maharage yana aina ya sukari ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Ikifika utumbo mpana bakteria huichachusha, na matokeo mnayavuta wote watatu. Dawa ni kuyaloweka usiku kucha, maji yale yakamwagwa, yakapikwa kwa maji mapya. Nahisi mpishi wenu huyatia makavu alfajiri. Mkienda kumwona usimtajie gesi, atanuna. Mtajie kuni: yaliyolowekwa huiva upesi.