Dawa ya sukari kwa asiye na sukari?

SWALI: Mama ana miaka 61, msuli wa moyo umelegea na miguu inamvimba. Kliniki wamemwongezea dapagliflozin. Jirani asema hiyo ni dawa ya sukari, na mama hana sukari. Aimeze? – Binti, Langoni, Lamu

JIBU: Aimeze. Jirani hakukosea, ila habari yake ni ya zamani. Dawa ilianzia kwenye kisukari. Mwaka 2019 utafiti wa DAPA-HF, wenye wagonjwa 4,744, ulionyesha kwamba kuzidiwa na moyo au kufa kwa maradhi yake kulipungua kwa kama robo, kwa wenye sukari na wasio nayo. Ni miligramu 10 mara moja kwa siku, pamoja na dawa zake nyingine, si badala yake.

Kwa dawa hii figo humwaga sukari kwenye mkojo, na sukari hiyo huwafurahisha fangasi: akiwashwa sehemu za siri aseme, asione haya. Akitapika, akiharisha au akishindwa kula, aisimamishe na muwapigie kliniki. Kabla ya Ramadhani, daktari aulizwe.

Mnunulie mizani. Ajipime kila asubuhi, ameshakojoa, kabla ya chai, kwa dera lile lile. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, hayo ni maji, si unene. Mpelekeni siku hiyo hiyo. Mkosaji mara nyingi ni ng'onda, ambaye hata akilowekwa usiku kucha chumvi haimtoki yote, au vidonge vya diklofenaki vya magoti, ambavyo huzuia maji mwilini na kuumiza figo.