Rangi hii ni ya saa ngapi? Ushauri kwa wanaofundisha mipango ya bahari

Huwa naendesha mafunzo ya kupanga matumizi ya bahari kwa maafisa wa wilaya za pwani, na mengi nimeyafanyia hapa Dodoma, mamia ya kilomita kutoka ufukweni. Watu huniuliza kwa nini nisiwafuate Tanga au Kilwa. Hilo nitalijibu, ila kwanza nieleze siku iliyobadilisha ufundishaji wangu.

Asili yangu ni mipango ya ardhi. Miaka kadhaa nilizunguka Kongwa, Bahi na Chamwino nikisaidia vijiji kutenga malisho, mashamba na makazi kwa kufuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Nilipoombwa kufundisha mambo ya bahari, niliichukua kazi ile kama ilivyo nikaihamishia majini. Siku mbili nzima washiriki walikaa kwenye kompyuta wakichora mipaka. Ya tatu asubuhi tukabandika ramani ukutani: kijani hifadhi ya matumbawe, bluu uvuvi, njano kilimo cha mwani, nyekundu njia ya meli. Ilipendeza.

Mzee mmoja kutoka Kilwa, kiongozi wa BMU, yaani kikundi cha wanakijiji wanaosimamia rasilimali za uvuvi, alivaa miwani, akaisogelea ramani, akaweka kidole penye njano.

"Mwanangu, rangi hii ni ya saa ngapi?"

Sikumwelewa, akanifafanulia. Hapo penye njano, maji yakipwa siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hupwa na kujaa kuliko kawaida, kinamama wanashuka na kamba zao za mwani, na wengine wanatembea mwambani kutafuta pweza. Saa sita baadaye maji yamejaa. Palipokuwa pakavu pana kina cha mita tatu, mitumbwi inatega mitego ya madema na mashua zinakatisha kuelekea dikoni, mahali pa kushushia samaki. Usiku wa giza boti za dagaa zinawasha taa nje ya mwamba, na mbalamwezi ikiwa kali zinapumzika. Upepo wa kusi ukishika, upande wa nje hauendeki kwa ngarawa, basi wote wanabanana ndani. "Wewe umetupa rangi moja," akasema, "na sisi hapo tuko wanne."

Jioni ile nilifungua tena mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2009, wenye hatua 10, ambao nchi nyingi huutumia katika kazi hii. Ufafanuzi wake wa mpango wa bahari unataja mambo mawili sambamba: mgawanyo wa shughuli za watu katika eneo na katika wakati. Neno wakati nilikuwa nimelisoma mara nyingi nikalipita. Bara ukiweka jiwe la mpaka, hata kama ng'ombe wanaingia shambani baada ya mavuno, shamba linabaki shamba. Baharini sehemu moja inabadilika mara nne kwa siku, na bamvua na maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi wala kujaa sana, yanabadilisha tena kila wiki.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa kuliko yote nitakayosema: fundisha swali la "lini" kabla ya swali la "wapi". Kompyuta zifunge hadi siku ya nne. Nunua nailoni nyeupe inayoonyesha, ile inayouzwa kwa mita madukani, na kalamu za wino usiofutika. Chapisha ramani moja kubwa ya msingi yenye miamba, mafungu ya mchanga, mikoko, madiko na kina cha maji, kisha kata nailoni vipande vinavyolingana nayo. Kila kipande kipe wakati wake: bamvua maji yamekupwa, bamvua maji yamejaa, maji mafu, usiku wa giza, usiku wa mbalamwezi, kusi, kaskazi. Washiriki wachore shughuli kwenye kipande cha wakati wake tu.

Halafu viweke juu ya ramani kimoja kimoja. Penye wino mzito kwenye kipande kimoja, hapo watu wanagombana kweli, saa moja, mahali pamoja. Penye wino mzito pale tu unapovipanga vyote pamoja, hapo watu wanapishana na wala hawahitaji mpaka. Nimeona afisa aliyekuja na orodha ndefu ya migogoro ya wilaya yake akishika nailoni mbili, akiziinua dirishani kwenye mwanga, akinyamaza muda mrefu. Mgogoro aliotaka kuumaliza kwa kuwahamisha wakulima wa mwani ulikuwa wa saa chache tu katika siku za bamvua, baina yao na wavuvi wa nyavu za juya. Ulihitaji makubaliano ya saa, na kina mama wale wangebaki na mashamba yao.

Mifano ya kupanga kwa wakati tunayo nyumbani, itumie. Kisiwani Songosongo, Kilwa, na kule Kisiwa Panza, Pemba, jamii zimewahi kufunga baadhi ya miamba ya pweza kwa miezi michache kisha kuifungua. Pweza huongezeka uzito haraka mno, hivyo aliyefunga mwamba anayaona matunda msimu uleule. Mvuvi anayakubali makatazo yenye tarehe ya kufunguliwa kwa urahisi kuliko yasiyo na mwisho.

Sasa kuhusu Dodoma. Afisa akifundishiwa kwenye ufukwe wake haulizi maswali, kwa sababu anaamini majibu anayo. Hapa namtoa nje kabisa ya anachokijua. Siku ya pili tunakwenda Bwawa la Hombolo. Kuna wavuvi, kuna wafugaji wanaonywesha, kuna wenye zabibu na bustani za mboga. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa hiyo bwawa linajaa mwanzoni mwa mwaka na kurudi nyuma kiangazi kizima. Penye maji Februari, Septemba pana nyayo za ng'ombe na matuta ya mchicha. Ni kupwa na kujaa kwa mwendo wa miezi. Mtu wa Pangani au Mtwara akisimama pale na daftari, analazimika kuuliza: mwezi gani mnalima hapa? Ng'ombe wakija, nyavu ziko wapi? Akirudi kwao anauliza vilevile.

Faida nyingine ni wizara. Mvutano mwingi wa baharini unaanzia kwenye mafaili, kabla mvuvi hajagusa maji. Gesi ya Songosongo inapita kwenye bomba tangu mwaka 2004, hifadhi ya bahari ya Mafia ilitangazwa mwaka 1995, mikoko ina wasimamizi wake wa misitu, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kila jambo lina wizara yake, na wizara hizo ziko Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma. Waalike watu wa nishati, uvuvi, misitu na ardhi nusu siku, asubuhi ya kwanza, waje na ramani zao. Usiwaite siku ya kufunga, watatoa hotuba tu.

Kuna jambo moja ambalo niliwahi kulikosea na liliwaumiza watu. Niliwaomba viongozi wa BMU waonyeshe sehemu zao bora za kuvulia, wakaonyesha kwa imani, na ofisi moja iliyodhamini kozi ikazichapisha kwenye ramani yake. Msimu uliofuata wageni wenye nyavu za mitando wakawa wamejaa huko. Tangu hapo sichukui alama za setilaiti za mahali pa kuvulia. Mvuvi achore duara kubwa kadiri anavyotaka, na kipande chake cha nailoni ni mali ya kijiji chake. Kama mfadhili hakubali hilo kwa maandishi, kozi isianze.

Na usimlete kiongozi wa BMU mmoja wa kupamba picha. Walete wawili kila wilaya, mmoja mwanamke, wapewe posho ileile ya maafisa. Australia, walipopanga upya maeneo ya hifadhi ya matumbawe ya Great Barrier Reef hadi mwaka 2004, walipokea maoni zaidi ya 31,000 kabla ya kupandisha eneo lisilovuliwa kutoka chini ya asilimia 5 hadi karibu 33. Nasi tunaweza kusikiliza watu wawili kwa wilaya.

Tarehe panga kwa kuangalia mwezi. Ukiita watu wakati wa bamvua umemnyima mama wa mwani siku zake za kazi. Waite maji mafu. Treni ya SGR imepunguza uchovu wa kutoka Dar es Salaam, lakini wa Kilwa na Mtwara bado wana basi refu kabla ya kuifikia, wape siku nzima ya kupumzika.

Mwisho wa kozi nailoni zisikunjwe, wino unaachia kwenye mikunjo. Tunaziviringisha na kuziweka ndani ya bomba la plastiki la maji la inchi nne, mifuniko pande zote mbili. Yule mzee wa Kilwa alilibeba la kwao mapajani, hakukubali liwekwe kwenye buti la basi.